Mama Emérita na Kisiwa cha Maziwa

Inatangazwa kwa watu wote, kwa mataifa ya karibu na ya mbali, kwa mabaharia, kwa wachora ramani, na kwa samaki wenyewe popote walipo: kilima cha Ruhinga, kilichoko Masisi, upande wa njia ya Nyabiondo, mwendo wa siku nyingi kutoka bahari yoyote ile, kuanzia mwezi wa tisa mwaka huu ni kisiwa. Kina namba. Kina muhuri. Kina pia mlinzi aliyeteuliwa kukikinga na mbu, mwanamke wa miaka hamsini na sita aitwaye Emérita Umurerwa. Tangazo hili lilipomfikia alikuwa anachuja maziwa, na hakuinua kichwa.

Visiwa vingine vilitapikwa na volkeno. Ruhinga kilizaliwa na kosa la kusoma, ndani ya biro moja, yaani ofisi, huko Goma, saa ya njaa. Kulikuwa na mradi wenye jina refu kama treni: Mradi wa Kuandaa Jamii za Maziwa na Visiwa dhidi ya Milipuko ya Magonjwa ya Mbu. Bwana wa ordinateri, ile kompyuta ya mradi, aliambiwa aandike orodha ya jamii za maziwa. Na jamii za maziwa ziko wapi, kama si Masisi kwenye ng'ombe na jibini? Akaandika Masisi. Alipoulizwa kijiji gani hasa, akakumbuka jibini aliyokula Jumapili, akaandika Ruhinga. Kwamba maziwa ni pia wingi wa ziwa, lile lenye maji na mitumbwi, jambo hilo halikumpitia kichwani. Watu wa visiwani walishapata vifaa vyao kwa orodha nyingine, kwa hiyo hakuna aliyelia, na kosa likapanda lori bila kizuizi.

Emérita mwenyewe ana historia fupi ukiisimulia vibaya. Alizaliwa Kibabi, akaolewa Ruhinga, akazaa watoto sita, akamzika mume. Amebaki na ng'ombe wawili na shamba la maharage kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha jembe unalifuata kwa jirani. Jibini yake ni ile ile iliyotutia kwenye ramani ya bahari, kwa hiyo kisheria kosa lote ni lake.

Zaidi ya hayo, yeye ni reko. Reko ni mtu wa afya wa kijijini asiye na mshahara. Badala ya mshahara anapewa fulana. Katika miaka kumi na tisa Emérita amevaa fulana ya surua, ya kipindupindu, ya Ebola na ya kunawa mikono, na sokoni watu wanajua ugonjwa wa msimu kwa kumtazama kifuani.

Kila Alhamisi anapita nyumba kwa nyumba na jembe begani. Ndoo, kopo, pine au tairi ya pikipiki, kiatu cha mvua kilichosahauliwa uani: akikuta maji yamelala ndani, anapindua kwanza, anasalimia baadaye. Halafu anashuka mahali ng'ombe wanaponyweshea, anafukia nyayo zao moja moja, maana mbu wa malaria hahitaji ziwa. Unyayo wa ng'ombe uliojaa maji unamtosha kulea familia. Watu wanamwita Mama Pindua. Jina hilo lilimpa shida mara moja tu. Bwana mmoja wa usalama alisikia kwamba Ruhinga kuna mwanamke anayepindua kila Alhamisi, akapanda kilima kuuliza anapindua nani. Alionyeshwa ndoo.

Sasa daraja. Daraja la Ruhinga ni magogo manne na imani. Mwaka jana, mwezi wa kumi, mto ulichukua magogo ukaacha imani, na barabara ikafungwa siku ishirini na sita. Barabara za huku zinajua kufungwa kwa sababu nyingi, na mvua ndiyo sababu yenye adabu zaidi. Ndani ya siku hizo malaria ikapanda kilima. Dawa zilikuwa santere, kwenye kituo cha afya, ng'ambo ya mto. Huku juu tulikuwa na fulana. Wagonjwa walibebwa kwa kipoyi, ile machela ya miti na blanketi, kwa njia ya juu, hadi mahali mto unapovukika kwa miguu, siku moja na nusu. Mtoto wa Mukandayisenga, wa miezi kumi na minne, hakufika. Vilibaki vilima viwili. Emérita alikuwa anatembea kando akishika mwavuli juu ya kipoyi, na aliendelea kuushika hadi wakarudi nyumbani. Habari hiyo hajaisimulia kwa mtu. Lakini tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: mvua ya mwaka huu ikija, dawa na vipimo viwe upande huu wa mto.

Ndiyo maana, lori la Katembo lilipoteremsha karatoni kumi na moja zilizoandikwa JAMII ZA MAZIWA NA VISIWA, wengine waliuliza maswali. Yeye aliuliza kisu.

Katembo ni mfanyabiashara, mzaliwa wa Butembo, mwenye butiki, lori moja na kilo mia na kumi. Alisimama akitazama karatoni zikifunguliwa. Vikatoka vyandarua mia mbili. Vikatoka vipimo mia moja vya kutoboa kidole na vidonge vya malaria, vya watoto na vya wakubwa. Emérita akavipanga kimya kimya kando. Halafu yakatoka makoti kumi na mawili ya rangi ya chungwa, yale ya kuelea majini, na makasia mawili.

"Aka!" Katembo akasema. "Hii njo kijiko ya ugali ya kanisa nzima?"

"Ni kasia, Papa Katembo," akajibu Kanyamibwa, kapita wetu, yaani mkubwa wa kijiji, mtu anayejua kila kitu kwa nusu. "Ya kusukuma mutumbwi."

"Na mutumbwi iko wapi?"

"Itakuya. Kwanza wanatuma kijiko, kisha wanatuma sahani."

Makoti yalichukuliwa na watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, wakiongozwa na Darius, aliyesema rangi ile inaonekana vizuri kwenye ukungu na kifua hakipigwi na baridi. Makasia yalikwenda kwa Mama Kahambu, mke wa Katembo, na hadi leo hakuna pombe ya ndizi inayokorogwa vizuri kama yake.

Chini kabisa kulikuwa na kitabu: Mwongozo wa Mwanakisiwa. Emérita alikisoma jioni tatu kwa kufuata mstari na kidole. Kiliandikwa kwa Kiswahili cha pwani, safi, chenye chumvi. Ukurasa wa tisa ulisema: "Akina mama wajihadhari na papa wakati wa kuoga." Papa wa kitabu ni samaki mkubwa mwenye meno. Papa wa Masisi ni baba mwenye nyumba. Wanawake wa Ruhinga walisomeana ukurasa huo mara mbili, wakakubaliana kwamba aliyeandika ni mtu anayejua maisha.

Ukurasa wa kumi na mbili haukuchekesha mtu. "Kabla ya msimu wa dhoruba, mashua zikiwa bado zinasafiri, kisiwa kijiwekee akiba ya dawa ya siku thelathini, katika nyumba tatu zilizo mbalimbali. Bahari ikichafuka, kila mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, asingoje mashua."

Emérita akatafuta kalamu. Akafuta mashua, akaandika daraja. Akafuta bahari, akaandika mto. Dhoruba akaiacha, kwa sababu hakulijua neno lakini alilielewa. Alipomaliza, kitabu cha watu wa bahari kilikuwa kinasema habari za Ruhinga, pamoja na jina la mto.

"Mama Pindua, unaharibu kitabu ya serikali," Kanyamibwa akamwambia.

"Siharibu. Nakipeleka nyumbani."

Akachagua nyumba tatu: yake, ya Mukandayisenga, na butiki ya Katembo. Katembo alikubali kuhifadhi karatoni, lakini kulala ndani ya chandarua alikataa. "Mbu haipande kwa mulima, Mama. Baridi inaiua. Miye nimelala hapa miaka kumi na mbili, mwili wazi, sijaona kitu."

"Nyuma ya butiki yako kuko pine sita na shimo ya matofali. Yote imejaa maji."

"Pine ni za biashara."

"Biashara ya nani? Yako ao ya mbu?"

Alhamisi hiyo alizipindua zote sita. Ijumaa mvua ilinyesha na Katembo akazipindua tena, mdomo juu, kwa sababu za heshima. Shimo la matofali hakuruhusu mtu aliguse.

Wiki ya pili ikaja barua. Enspekta Jules, wa mradi, atapanda Ruhinga Jumatano "kuthibitisha hali ya kijiografia ya kisiwa". Ikikutwa kuna kosa, vifaa vyote vitarudi depo ya Goma kungojea bajeti mpya. Emérita alisoma maneno hayo, kungojea bajeti mpya, akakaa chini. Watu wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona akikaa chini kabla ya saa kumi na mbili.

Kanyamibwa aliitisha mkutano. Hoja zilikuwa nyingi na zote zilikuwa mbaya. Mmoja alisema watoto wafundishwe kuogelea kwenye nyasi. Mwingine alisema ng'ombe wafichwe. Kapita ndiye aliyeleta hoja ya kitaalamu.

"Tuchimbe ziwa," akasema. "Ndogo. Tunaanza na shimo ya Papa Katembo, tunaipanua, tunageuza mufereji, kesho kutwa inajaa. Tunatia bata mbili. Enspekta anafika, anaona maji, anaona bata, anaandika. Muntu wa biro haulizi upana."

Katembo akiwa safarini, wakachimba siku mbili kwa moyo ambao hawajawahi kuutia kwenye barabara. Jumanne kulikuwa na ziwa. Lilikuwa refu kama kanisa na lina kina cha goti. Bata wa kapita walitiwa, wakatembea humo bila kuogelea. Kanyamibwa alisimama ukingoni, mikono nyuma, kama mtu aliyeumba.

Emérita alifika na kikombe. Akachota pembeni, palipo na majani, akainua kikombe kwenye mwanga. Ndani walikuwa wanacheza wadudu wadogo, wembamba kama uzi, wanaolala juu juu ya maji. Walikuwa wenyeji wa shimo la Katembo, na sasa walikuwa wamepewa uwanja.

"Muwaone," akasema.

Watu wakaona.

"Munataka kulinda dawa ya mbu kwa kufuga mbu."

"Ni ya siku moja tu, Mama," kapita akasihi. "Kesho tunafukia."

"Kesho munafukia maji. Wenye mabawa munawafukia na nini?"

Watu wakatazama malengelenge yao. Kisha Mukandayisenga alikwenda kwenye rundo la udongo, akashika jembe, akarudisha tuta la kwanza ndani ya maji. Baada yake hakuna aliyeweza kubishana. Ziwa la Ruhinga halikumaliza siku. Lilifukiwa kabla ya giza, pamoja na shimo la matofali, Katembo akiwa bado Masisi mjini kuchukua sabuni.

"Sasa utamwambia Enspekta nini?" Kanyamibwa akauliza, ana udongo hadi kwenye kope.

"Ataniuliza, nitamujibu."

Jumatano Enspekta Jules alifika nyuma ya moto ya Darius, akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na Mungu kwa mwingine. Alikuwa mtu mzuri, mwenye viatu vya mjini. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba amefurahi kuona wanakisiwa wanavaa makoti yao ya usalama hata wakiwa barabarani. Kitu cha pili aliuliza.

"Na ziwa iko wapi, Mama?"

"Ziwa ya nini?"

"Ziwa. Hapa si jamii ya maziwa?"

"Njo sisi." Emérita akamletea kikombe cha maziwa. Yalikuwa yamechemshwa, na bado ya moto.

Enspekta alitazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu. Akatazama vilima, ng'ombe kwenye mteremko, tena kikombe. Ukiwa karibu naye ungeweza kusikia neno moja likigawanyika mara mbili kichwani mwake.

"Mungu wangu," akasema. "Ni haya ya kunywa."

"Unakuta iko na sukari kidogo?"

Alikunywa yote, kwa sababu alilelewa vizuri. Kisha akaeleza, kwa huruma, kwamba hana la kufanya. Fomu inasema kisiwa. Hapa ni mlima. Akiacha vitu hivi hapa, ataitwa ajieleze. Emérita hakubishana, wala hakulia. Alimwonyesha kitabu chenye kalamu yake, ukurasa wa kumi na mbili. Alimweleza habari ya daraja na siku ishirini na sita. Alipofika kwenye kipoyi alisema tu, "Mutoto mumoja hakufika," akafunga kitabu.

Enspekta alishika kichwa. "Mama, nakuelewa. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hiyo."

Basi karatoni zikapakiwa kwenye lori la Katembo, aliyekuwa amerudi na sabuni, amekuta uwanja tambarare nyuma ya butiki, na alikuwa bado anatafuta maneno. Wakati wanafunga kamba mvua ikaanza. Si mvua ya kuomba ruhusa. Ilishuka kama mtu anayemwaga karai la mawe, ikaendelea mchana kutwa, na walipofika mtoni kesho yake asubuhi, lori, Enspekta na karatoni, magogo manne yalikuwa yameshaondoka kuelekea Walikale bila tiketi.

Wakarudi. Emérita aliwapokea uani, akaonyesha karatoni zirudishwe kwenye nyumba zile zile tatu. "Zisilowe," akasema.

Enspekta Jules alikaa Ruhinga siku kumi na saba, maana viatu vya mjini haviwezi njia ya juu. Siku mbili za kwanza alitafuta mtandao. Siku ya tatu akavua viatu vya mjini. Siku ya tano homa ya kwanza ikaja, kwa watoto wawili wa upande wa bondeni, na Emérita akasimama mlangoni kwake na swali moja.

"Enspekta, hizi vipimo njo za Goma ao ziko hapa?"

Akatazama mvua. "Pima, Mama."

Siku ya nane ilikuwa zamu ya Katembo. Alitetemeka hadi makopo ya nyanya yakaimba kwenye rafu. Alisema ni uchovu. Alisema ni wivu wa washindani. Kahambu, mkewe, alichoka naye, akamwita Emérita.

"Leta kidole, Papa Katembo."

"Haiumi?"

"Weye unabeba gunia ya kilo mia."

"Gunia haina sindano!"

Alipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo, na kipimo kikatoa mistari miwili, myekundu na wazi: malaria. Akameza vidonge, akalazwa ndani ya chandarua alichokuwa amekataa, akatoka jasho siku mbili. Wanaume wanane, ambao kwa desturi ndio wabeba kipoyi wa Ruhinga, walikuja kila asubuhi kuulizia hali yake kwa upendo wa dhati. Kilo mia na kumi, siku moja na nusu, matope: hakuna mgonjwa aliyewahi kuombewa kama yeye. Siku ya tatu alikaa kitandani akaomba uji, na wanaume wanane wakakumbatiana.

Asubuhi zote hizo Enspekta alimfuata Emérita nyumba kwa nyumba, akibeba boksi la vipimo, kwa sababu mtu hawezi kutafuta mtandao maisha yake yote. Alimwona anavyoandika kila jina, tarehe, mistari miwili au mmoja. Watu hamsini na tisa walipimwa. Thelathini na watatu walikuwa na malaria, ishirini na mmoja wao watoto. Binti mdogo wa Mukandayisenga alikuwemo. Alimeza, akatapika, akamezeshwa tena, akapona, akaanza kuwasumbua bata wa kapita. Hakuna aliyebebwa. Hakuna aliyezikwa.

Siku ya kumi na saba, wanaume wakiwa mtoni wanafunga magogo mapya, Enspekta alikaa kwenye benchi la Emérita na fomu yake juu ya goti. Kwa mara ya kwanza akaisoma toka juu, pale penye herufi ndogo ambazo watu wa biro huandika ili zisisomwe. Kifungu cha pili: "Kisiwa, kwa matumizi ya mradi huu, ni mahali ambapo mtu hawezi kuingia wala kutoka bila kuvuka maji, na ambapo huduma ya afya hukatika maji yanapozuia usafiri."

Akasoma tena kwa sauti. Akatazama mto. Akatazama viatu vyake vya mjini, vilivyokuwa vimeota kitu cha kijani. Halafu akaweka alama kwenye mraba wa NDIYO, kwa nguvu, hadi karatasi ikatoboka, akapiga muhuri juu ya tundu.

Habari zilikimbia. Ndani ya saa moja kilima kizima kilikuwa uani kwa Emérita: Kanyamibwa amevaa koti la suti, Katembo ameegemea mkewe, watu wa moto na makoti yao ya chungwa mstari mmoja kama jeshi la majini. Enspekta Jules alipanda juu ya benchi. Alikuwa na ndevu sasa, na machozi kidogo. Akatangaza kwamba Ruhinga ni kisiwa kwa maandishi. Kwamba vifaa vinabaki. Kwamba kila mwaka kabla ya mwezi wa tisa vitaletwa vingine. Na kwamba jina la Mama Emérita Umurerwa litasomwa Goma, na labda hata ng'ambo ya bahari, kwa watu wakubwa wenye visiwa vya kweli. Watu wakapiga vigelegele. Kapita akasema hoja ya ziwa ilikuwa yake.

Enspekta akatoa kalamu. "Sasa Mama, kwa rapoti. Sehemu ya mwisho inaitwa Neno la Mlinzi wa Kisiwa. Sema kitu kikubwa. Kitu dunia itakumbuka. Naandika yote."

Emérita alifuta mikono kwenye kitenge, akachungulia ndani ya boksi la vipimo, akahesabu kwa midomo.

"Andika imebakia makumi ine na moja," akasema, "na mvua ingali mwezi mbili."